Freti ya Kumi na Mbili

Koboko, 4 Machi 2023

Fundi Kasimiro,

Salaam nyingi kutoka Koboko. Mwaka wa nne huu unanitengenezea gitaa, na bado unataka nikuandikie barua kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Nimekupigia simu, ukanijibu yale yale: "Simu iko inasahau. Wewe andika, weka ndani ya begi. Mimi itasoma na gitaa mbele yangu." Haya, barua yako hiyo. Begi nimempa Anguyo, dereva wa gari la Arua, na nimemwonya asiliweke chini ya magunia ya mihogo.

Shida ni hii. Nyuzi zikiwa wazi, gitaa liko sawa kabisa. Nikipanda shingo, kwenye vile vyuma vya freti za juu, sauti inatoka nje. Jumamosi tulipiga harusi Dranya, tukafika pale pa kumtoa bibi harusi, na solo yangu ikapanda juu ya bendi nzima kama mtu anayejibu swali ambalo hajaulizwa. Ladu, yule wetu wa gitaa la pili, aligeuka akanitazama. Sipendi Ladu anitazame namna ile. Bendi ndiyo kazi yangu, sina nyingine, na mtu wa gitaa la pili siku zote anangoja.

Nimefanya ulivyonifundisha. Nimewasha mashine ya kupima sauti, nikabonyeza kila uzi kwenye freti ya kumi na mbili kama ninavyobonyeza jukwaani. Uzi mnene uko juu kwa alama tatu. Unaoufuata tatu. Minne iliyobaki, mbili mbili.

Mke wangu Zuhurah anakusalimu. Anauliza utakuja lini kula, au unaogopa nyumba ya Waislamu kama marehemu mama yako, aliyekataa kunipa mkono siku ile nilipokuja kwenu Ajia? Natania, Mungu amrehemu. Lakini njoo.

Siraji

Arua, 9 Machi 2023

Ndugu Siraji,

Gitaa lilifika salama, likiwa juu ya magunia.

Kwanza nimevua nyuzi zako zote nikaweka mpya. Uzi uliochoka hausemi kweli, na fundi anayepimia uzi mzee anapoteza siku yake. Kisha nimelipima nikiwa nimeketi, gitaa pajani, kwa sababu likilala mezani shingo inakaa vingine. Nimeugusa uzi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubonyeza, ukatoa ile sauti ya mluzi. Halafu nimeubonyeza pale pale. Sauti hizo mbili zikifanana, uzi una urefu wake. Zisipofanana, tunasogeza.

Hapo ndipo nilipokuna kichwa. Nikibonyeza mimi, zinafanana. Kwa namba ulizoandika wewe, hazifanani. Maana yake gitaa halina kosa, ni mkono wako ulioongezeka uzito. Ukiukandamiza uzi kupita kiasi unaukaza, na sauti inapanda. Fundi mwingine angekwambia upunguze nguvu. Mimi natengeneza gitaa la mtu, sitengenezi gitaa la kitabuni.

Daraja lako, kile chuma cha tumboni kinachoshika nyuzi, ni la kufungwa, limekazwa kwenye mbao kwa skurubu na haliendi popote. Kinachosogea ni vile vipande sita vya chuma ambavyo nyuzi zinakalia, mimi naviita vigoda. Nimevirudisha vyote nyuma kidogo. Nyuzi zimekuwa ndefu zaidi, na sauti imeshuka hadi pale mkono wako unapoitaka.

Kwenye daftari nimeandika hivi: "Siraji. Uzi mnene, kutoka ukingo wa nyuma wa daraja hadi kigoda, milimita sita. Mkono: mzito." Tangu mwaka 2019 ilikuwa saba na haikuwahi kubadilika.

Mama hakuwa na ubaya wowote na Waislamu. Hilo tuliache.

Kasimiro

Koboko, 17 Juni 2023

Fundi,

Imerudi. Uzi mnene uko juu kwa alama nne, tena juu ya zile ulizonipunguzia Machi. Nyembamba nazo zimefuata. Nusura nilaumu fundi, lakini watu wananisifu na mimi napenda kusifiwa, kwa hiyo umenusurika.

Wiki iliyopita tulikuwa Ludara. Mzee mmoja alikuja mbele ya jukwaa, akanielekezea fimbo, akasema mbele za watu wote: "Huyu mutu iko na mkono ya askari!" Babu yangu alibeba bunduki kutoka Sudan mpaka hapa, kwa hiyo nilifurahi kama nimevishwa nishani. Ni kweli nabonyeza sana siku hizi. Nisipobonyeza hivyo, naona kama uzi haupo.

Nikuchekeshe. Kwenye wimbo wa tatu niliona matone mekundu kwenye ile plastiki nyeupe ya gitaa. Nikadhani mtu amenimwagia soda. Kumbe uzi mwembamba umenichana kidole cha mwisho, damu inatiririka, na mimi sina habari, napiga tu! Miaka ishirini ya gitaa, vidole vyangu vimekuwa soli ya kiatu. Ladu akipata jeraha kama lile anashinda siku tatu analialia.

Tuna harusi nne mwezi wa saba. Nifanyie haraka.

Siraji

Arua, 22 Juni 2023

Siraji,

Nimeweka nyuzi mpya na nimerudisha vigoda tena. Nyuma ya kila kigoda kuna springi ndogo, na ya uzi mnene ilikuwa imebanwa mpaka mwisho, kigoda hakina pa kwenda. Nimeikata nusu. Kazi hiyo huifanyi mara nyingi kwenye gitaa moja. Daftari linasema: "Milimita nne na nusu. Mkono: mzito sana."

Ukiendelea hivi nitakuundia gitaa la mabati. Freti zako nazo zimechimbika kama njia ya ng'ombe, hasa chini ya kidole cha nne na cha mwisho. Zina uhai wa mwaka mmoja.

Kidole kifunge kitambaa safi.

Kasimiro

Koboko, 10 Septemba 2023

Shemeji Kasimiro,

Barua hii nimemwambia Anguyo akupe mkononi. Ingewekwa kwenye begi Siraji angeiona. Naandika bila yeye kujua na sijazoea kufanya hivyo, kwa hiyo nisamehe nikienda moja kwa moja.

Mkono wake wa kushoto si mzima. Juzi asubuhi nilikuwa nachambua mchele, yeye akaipua sufuria ya chai kwenye sigiri. Aliishika kwa vidole vitupu, akasimama nayo ananisimulia habari za harusi. Nilisikia harufu kabla sijaelewa. Harufu ya nyama, shemeji. Nikapiga kelele, ndipo akaitua na kuvitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Kisha akacheka. Akasema: "Kidole ya mutu ya gitaa haisikii moto, Zuhurah. Uliza Kasimiro."

Basi nakuuliza. Ana baka pia, upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, limepauka kidogo, na akitoka jasho mwili mzima pale panabaki pakavu. Nimemwomba aende hospitali, ananiambia nina woga wa kike. Mama yangu amemwambia, amemcheka. Ni wewe peke yako anayekusikiliza. Alhamisi anakuja Arua mwenyewe na gitaa. Mshike mkono, uutazame vizuri, na kama ni kitu, mwambie. Akilisikia kwako atakwenda siku hiyo hiyo.

Zuhurah

Arua, 16 Septemba 2023

Shemeji Zuhurah,

Pole kwa wasiwasi. Siraji alikuja, tukanywa chai, na mkono nimeutazama kama ulivyoniomba.

Ni sugu. Sisi tunaopiga gitaa tunaota sugu kwenye ncha za vidole, nami wakati napiga nilikuwa nazima kiberiti kwa kidole mbele ya watu ili wacheke. Hilo baka ni mba. Mvua zikizidi watu wengi wanapata. Nunua dawa ya kupaka, apake asubuhi baada ya kuoga.

Gitaa nimelirekebisha, limekuwa zuri. Usijisumbue sana.

Kasimiro

Koboko, 20 Januari 2024

Kasimiro,

Leo sina utani. Mara ya nne hii mwaka haujaisha vizuri. Tangu Septemba nimelivumilia, nikasema nyuzi, nikasema joto la kiangazi, nikabadilisha nyuzi mara mbili kwa kitu nilichonunua hapa sokoni. Uzi mnene sasa uko juu kwa alama saba. Je, umezeeka? Kama macho yamechoka niambie, nitatafuta fundi mwingine hata kama ni Kampala.

Si hilo tu. Kidole cha mwisho kinakunjika chenyewe na hakitaki kunyooka, na cha nne kinamfuata mwenzake. Zile kodi, sauti za pamoja za kubana nyuzi zote sita, siwezi tena kuzifunga, kuna uzi mmoja unabaki bubu. Shingo ya gitaa lazima imepinda. Haiwezekani iwe kitu kingine, kwa sababu sijaugua hata siku moja.

Jumapili kiongozi wetu wa bendi aliniita pembeni. "Siraji, gitaa yako iko inalia vibaya. Solo ya harusi ya Pasaka, wacha Ladu apige." Ladu! Niliyemfundisha mimi pa kuweka kidole! Nimeomba nipewe mpaka mwisho wa mwezi. Fundi, nakuomba kama ndugu, hata kama tumekutana ukubwani na kilichotukutanisha ni Kiswahili cha baba zetu wa jeshini. Litengeneze gitaa hili. Nikitoka mbele nikawekwa nyuma, sitarudi mbele tena.

Siraji

Arua, 25 Januari 2024

Siraji,

Shingo nimeipima kwa rula ya chuma. Imenyooka.

Kigoda cha uzi mnene nimekirudisha mpaka kimegusa ukingo wa nyuma wa daraja. Springi nimeshaitoa yote, skurubu imefika mwisho, hakuna nafasi hata ya karatasi. Kinachokifuata kimebakiza milimita moja. Daraja la kufungwa lina mwisho wake na wewe umeufikia. Nikilibonyeza mimi, gitaa hili sasa linaimba chini, limekosea kabisa, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kulipiga likawa sawa.

Zaidi ya hapo sikulirekebisha. Nimelirudisha hivyo hivyo.

Nenda hospitali, Siraji. Waonyeshe mkono, waonyeshe na lile baka karibu na kiwiko. Usingoje mwisho wa mwezi. Nenda kesho, na Zuhurah aende nawe. Ukiniuliza kwa nini, sitakujibu kwa sasa, lakini nenda.

Kasimiro

Koboko, 12 Februari 2024

Kasimiro,

Ni ukoma.

Naandika mimi Zuhurah, kwa sababu Siraji ameketi anautazama ukuta. Mama daktari aliyempima ni mwenye subira, alitueleza pole pole mara mbili. Ugonjwa wenyewe una dawa, atameza mwaka mzima na vijidudu vitakufa, hataambukiza mtu. Mimi nimepimwa, sina kitu. Lakini mishipa ya fahamu ya mkono ni habari nyingine. Alisema mkono uliokufa ganzi hubonyeza na kushika kwa nguvu kuliko mzima, kwa sababu hauna wa kuuambia basi. Siraji aliposikia hivyo aliinamisha kichwa mpaka magotini.

Sasa sikiliza vizuri. Daktari aliuliza ganzi ilianza lini. Akasema kama haijapita miezi sita, kuna dawa nyingine ya kutuliza mishipa, na mkono unaweza kurudisha uhai, pengine wote, pengine nusu. Ikiwa imepita, dawa hiyo haitamsaidia, tena ina madhara yake, hatampa. Siraji alijibu mwezi wa kumi. Mimi nikasema Septemba, siku ya sufuria. Daktari akauliza tuna uhakika gani.

Ndipo Siraji akasema neno lake la kwanza la maana siku ile: "Kasimiro iko na kitabu. Kila mara anaandika mkono yangu. Kitabu haiwezi kudanganya." Amelishika hilo tangu siku ile. Ameniambia nikuandikie utume kila kitu ulichoandika, na tarehe zake, tumpelekee daktari. Anasema daftari litaonyesha Septemba, na Septemba mpaka leo ni miezi mitano.

Barua yako ya mba ninayo. Niliisoma tena jana. Sitasema lolote juu yake mpaka utume hizo namba.

Zuhurah

Arua, 15 Februari 2024

Siraji,

Ulitaka namba. Hizi hapa, za uzi mnene, kama zilivyo kwenye daftari langu. Kuanzia 2019 mpaka Novemba 2022, milimita saba, kila mara saba. Tarehe 9 Machi 2023, sita. Tarehe 22 Juni, nne na nusu. Tarehe 14 Septemba, ulipokuja mwenyewe, mbili na nusu. Tarehe 25 Januari mwaka huu, sifuri.

Ilianza Machi mwaka jana au kabla yake. Ni miezi kumi na mmoja. Barua zako pia ninazo zote, na ile ya Juni ndiyo inayotaja damu kwenye plastiki.

Siku mbili nimekaa na karatasi nyingine mbele yangu. Niliandika Septemba milimita saba, Oktoba sita, nikaipamba na tarehe zake vizuri kabisa. Ungempelekea daktari, angekupa dawa, ungenishukuru, na mkono wako ungebaki vile vile huku dawa inakutafuna tumbo. Nimeichana. Nimeshakudanganya mara moja na hiyo inatosha.

Mwaka mzima ulikuwa unaniambia mkono wako hausikii, na mimi nilikuwa nasogeza vyuma ili usijue. Kila gitaa lilipokulalamikia, nililinyamazisha. Ningekuwa fundi mbaya ungekwenda hospitali mwezi wa nne.

Lakini hilo lingekuwa kosa la fundi tu. Kuna jingine baya kuliko hilo.

Mama yangu Santina alikuwa na ukoma. Niliwaambia watu wote wa Arua, na wewe pia, kwamba mikono yake iliungua moto wa jikoni. Haukuwa moto. Alitibiwa akapona nikiwa na miaka sita, akarudi Ajia na vidole vitatu pungufu, na kijiji kikamwekea kata yake ya maji peke yake kisimani, imefungwa kitambaa chekundu. Mimi ndiye niliyekuwa nachota kwa kata ile huku wenzangu wanatazama. Nilipopata ufundi nilikuja mjini, na nikaapa hakuna mteja wangu atakayejua nimelelewa na mikono gani.

Siku ile ya Septemba ulikunja mikono ya shati, ukaketi kwenye benchi unatazama barabarani, unanisimulia harusi ya Ludara. Baka lako nililijua kabla hujamaliza kuketi. Mgongoni mwa mama nimelala juu ya mabaka kama yale. Nikachukua uzi mwembamba mpya, nikakugusa nao pale kwenye baka, kwa ncha, kama daktari alivyokuwa anampima mama kwa unyoya. Hukugeuka. Nikagusa tena. Uliendelea na hadithi yako.

Nilijua, Siraji. Nikanyamaza, kwa sababu ungeniuliza nimejuaje. Halafu nikamwandikia mke wako kuwa ni mba.

Kutoka Machi hadi Septemba ni miezi sita. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Siku ile mlango ulikuwa bado haujafungwa.

Sina cha kuomba. Namba ni za kweli, mpelekee daktari.

Kasimiro

Koboko, 3 Machi 2024

Kasimiro,

Mwandiko ni wangu. Mkono wa kulia bado wangu, na Zuhurah amenishikia karatasi isiteleze.

Daktari alisoma namba zako akiwa amesimama. Aliuliza milimita ni za nini, nikamweleza vigoda na springi na freti ya kumi na mbili, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaikunja karatasi akaitia kwenye faili langu. Dawa ya mishipa hakuniandikia. Alisema vidole viwili havitanyooka, na vitatu vilivyobaki nivitazame kwa macho kila jioni kama vina jeraha, kwa kuwa vyenyewe havitaniambia. Zuhurah ananikagua kabla sijala. Ananigeuza mkono kama anayechagua samaki sokoni.

Harusi ya Pasaka atapiga Ladu. Kiongozi hakunifukuza, aliniambia nikae karibu na masanduku ya sauti nisaidie kusikiliza. Watu wengine wameshaanza kunisalimu kwa mbali. Sikuwaambia jina la ugonjwa, lakini mji huu hauhitaji kuambiwa.

Nimekukasirikia na bado nimekasirika. Zuhurah amekasirika kuliko mimi, hataki jina lako litajwe mezani. Sitakuandikia kwamba yamekwisha, maana kila asubuhi nikifunga vifungo vya shati yanaanza upya. Miezi sita, Kasimiro! Uzi mmoja mwembamba ulikuwa mkononi mwako, na neno moja mdomoni.

Lakini kuna jambo linanisumbua kuliko hayo, na silipatii pa kuliweka. Siku ile Ajia, mama yako alinikaribisha vizuri, akaniambia niketi, akaamuru niletewe maji. Nilipomnyooshea mkono, aliuficha wake ndani ya kanga na kunipa kichwa tu. Miaka yote hii nimelisimulia hilo kama kichekesho, mama Mkatoliki aliyeogopa mkono wa Mwislamu. Nimelisimulia hata mbele yako, nawe ukaniambia tuliache. Kumbe alikuwa ananihurumia mimi, au anajionea haya, sijui. Ungeniambia wakati ule, Wallahi ningeuvuta mkono wake kutoka kwenye kanga nikaushika kwa mikono yangu miwili. Sasa amekufa akiwa amenisalimu kwa kichwa, na mimi nimeanza kuficha wangu mfukoni. Jana alikuja mgeni kutoka Dranya akanisalimu kwa mkono wa kulia tu, kama watu wote, na bado ule wa kushoto ulikuwa umeshaingia mfukoni wenyewe.

Gitaa ni la Ladu kuanzia leo. Nimempa, sikumwuzia. Alilijaribu hapa kwangu, likaimba chini kila alipopanda juu, akanitazama, na safari hii hakuwa na jicho lile la zamani. Alikuwa ameogopa. Alhamisi atakuja nalo Arua. Weka nyuzi mpya, keti, liweke pajani, urudishe vigoda vyote mbele mpaka sauti mbili zifanane kwa mkono wa kawaida. Tafuta springi nyingine. Pale ulipoandika "mzito" kwenye daftari lako, usifute.

Barua ya Ladu haitakuwemo mfukoni mwa begi. Nimemwambia asiandike, aje mwenyewe. Amekaa nami bega kwa bega miaka sita, tumekula sahani moja, na daktari anataka watu wa namna hiyo watazamwe. Kwa hiyo kabla hujaligusa gitaa, mkunjie Ladu mikono ya shati. Mtazame mbele na nyuma mpaka kwenye kiwiko. Mgeuze uso upande wa barabara, chukua uzi mwembamba, umguse.

Akikuuliza unatafuta nini, mwambie.

Siraji